Ajenti wako si mjinga, ni wewe hujamwambia kitu

Kuna sentensi moja nimechoka nayo: "AI bado ni mjinga, wacha tungoje modeli ingine." Nimeisikia Thika, nimeisikia Ruiru, nimetumiwa hadi kwa voisi ya dakika nne na jamaa aliyemuuzia mtu mfumo wa kuchukua oda na sasa mfumo unaharibu kazi. Kila nikiomba nionyeshwe huyo ajenti ameambiwa nini kuhusu kazi yake, napata kitu kama hiki:

malipo: Hushughulikia malipo.

Basi. Maneno mawili. Halafu mtu mzima na digrii yake anashangaa mbona ajenti amelipisha mtu ambaye alikuwa anauliza tu bei.

Wacha niwaeleze wale hawako kwa hii dunia, ndio twende pamoja. Modeli ya lugha ikiwa peke yake inajua kuandika tu. Haiwezi kuangalia stoki yako, haiwezi kutuma ombi la M-Pesa, haiwezi kuitia mteja boda. Ili ifanye vitu kama hivyo unaipatia zana, yaani vipande vya programu ambavyo inaweza kuomba viendeshwe. Hapo ndipo tunamuita ajenti. Sasa, kitu ambacho watu wengi hawajakielewa ni kwamba modeli haioni kodi yako. Ile kazi uliyoifanya usiku kucha haioni hata mstari mmoja. Inaona vitu vitatu pekee: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya sehemu za kujaza. Kutoka kwa hayo maneno inaamua iite zana gani, wakati gani, na ijaze nini. OpenAI waliweka mpango huu kwa API yao Juni 2023. Anthropic wakatoa itifaki ya MCP Novemba 2024, ili zana moja iweze kuchomekwa kwa programu tofauti tofauti. Kote huko kile modeli inasoma ni maneno. Ukiandika mawili, imepata mawili. Hizo zingine itabuni, na usiilaumu, hata wewe ungebuni.

Sasa simama steji saa kumi na mbili jioni usikilize makanga. "Thika soo na finje! Thika ya juu, hatuingii Ruiru, hatusimami Juja, wawili wamebaki!" Hebu hesabu. Amekwambia gari linaenda wapi, ni pesa ngapi, linapita wapi, nani asipande, na nafasi ni ngapi. Mtu wa Ruiru akisikia anarudi nyuma kutafuta 145 bila kuuliza mtu swali. Sijawahi kusikia makanga akisema "Gari hili hushughulikia usafiri." Angesema hivyo, gari lingejaa watu wa Ruiru wakipiga mabati kila baada ya kilomita mbili.

Na sikiliza vizuri: sehemu yenye faida kubwa kwa hilo tangazo lote ni "hatuingii Ruiru". Ile ya kukataa. Maelezo mengi ya zana ninayoona hayana hata neno moja la kukataa. Yanasema zana inafanya nini, kama tangazo la mkorogo, halafu hayasemi isitumiwe lini. Mvua ikianza, makanga anabadilisha maelezo yake kwa sekunde tano, bei imepanda, njia imebadilika. Wewe uliacha kupeleka mizigo Juja kitambo na zana yako bado inasema mnafika Juja.

Nitawapa kesi moja, juu bila kesi mtasema ni mdomo tu.

Kuna duka Ruiru linauza nguo za watoto. Mwenye duka ni rika la mamangu, kwa hivyo namuita mathe na sitamtaja jina. Aliuziwa ajenti wa WhatsApp na divelopa fulani, naye pia simtaji. Ajenti alikuwa anaongea vizuri sana, Kiswahili safi, sheng kidogo, anasalimia watu hadi raha. Shida ni kwamba alikuwa anawaambia wateja "Malipo yamepokelewa, asante sana" kabla hata hawajaweka PIN. Mizigo miwili ilitoka na boda kabla mathe hajagundua pesa haijaingia. Akafikiria ameingiliwa na wezi. Akampigia divelopa, akaambiwa "AI huota vitu, mathe, ni kawaida." Akaambiwa pia akitaka modeli kubwa zaidi aongeze pesa kila mwezi.

Nilifungua zana. Hii hapa, neno kwa neno nilivyoipata, nimeitafsiri tu kutoka Kiingereza: "lipa_mpesa: Inalipisha mteja kwa M-Pesa. Inarudisha success."

Yeyote ambaye ameshika Daraja, ile API ya Safaricom ya M-Pesa, ameshaona tatizo. Ukituma ombi la STK, lile linalotokea kwa simu ya mteja likimuomba PIN, Daraja inakujibu papo hapo na ResponseCode 0 na maneno "Success. Request accepted for processing". Maana yake ni ombi limepokelewa. Mteja hata hajatoa simu mfukoni. Kama amelipa au hajalipa, jibu linakuja baadaye kwa CallBackURL yako likiwa na ResultCode, na ukitaka unaweza kuuliza mwenyewe kwa ile CheckoutRequestID uliyopewa. Daraja haijaficha kitu hapo. Aliyeficha ni yule aliyeandika "Inarudisha success" akaenda kulala.

Kwa hivyo ajenti alifanya nini? Aliambiwa zana inalipisha mteja. Aliambiwa success ikirudi mambo ni sawa. Success ikarudi. Akashukuru mteja. Mnaita hiyo kuota? Hiyo ni kutii. Mlete mfanyakazi mpya kwa duka, mwambie "ukiona neno success peana mzigo", halafu umfukuze kwa kupeana mzigo.

Tuliandika hivi na mathe, tukikaa kwa kaunta yake, yeye akisema na mimi nikiandika:

"tuma_ombi_la_malipo: Hutuma ombi la M-Pesa kwa simu ya mteja ili aweke PIN. Itumie tu baada ya mteja kuona jumla ya bei pamoja na usafiri, na akakubali. Usiitumie mteja akiuliza bei, akiomba punguzo, au akisema atalipa baadaye. Jibu la 0 linamaanisha ombi limepokelewa. HALIMAANISHI mteja amelipa. Usimwambie amelipa na usiite boda kwa sababu ya jibu hili. Ili kujua kama amelipa, tumia angalia_malipo. Usitume ombi la pili la oda hiyo hiyo kabla ya kuangalia la kwanza."

"angalia_malipo: Hueleza kama ombi moja la M-Pesa limelipwa. Inahitaji CheckoutRequestID iliyotoka kwa tuma_ombi_la_malipo. 0 ni amelipa. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja ameghairi, muulize kwa upole kama bado anataka. 1037 ni simu haikufikiwa au hakujibu kwa wakati, mwambie aiwashe na aifungue, halafu uulize kama utume tena. Kama bado linashughulikiwa, mwambie asubiri, usitume lingine."

Angalia jina kwanza. "lipa_mpesa" inasikika kama kitu kimemalizika. "tuma_ombi_la_malipo" inasema ukweli: ni ombi. Jina peke yake limeshafanya nusu ya kazi. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu ombi la pili ni ya mathe, mimi singeifikiria. Alisema kuna wateja huwa wanalipa mara mbili kwa sababu wameona ombi mara mbili, na kurudisha pesa ni vita. Divelopa hakujua hivyo. Angejuaje? Hajawahi kusimama kwa hiyo kaunta.

Modeli ni ile ile. Hatukuongeza hata shilingi. Shukrani za uongo ziliisha.

Halafu kuna hii tabia ya kumpa ajenti fomu nzima ajaze. Ombi la STK la Daraja lina sehemu 11: BusinessShortCode, Password, Timestamp, TransactionType, Amount, PartyA, PartyB, PhoneNumber, CallBackURL, AccountReference na TransactionDesc. Jamaa alikuwa ameziacha karibu zote mikononi mwa modeli. Yaani modeli ndiyo ichague kama ni CustomerPayBillOnline ama CustomerBuyGoodsOnline! Duka lina till moja tangu lifunguliwe, unauliza modeli ya nini? Kitu ambacho programu yako inakijua tayari, jaza mwenyewe ndani ya programu. Ajenti wa mathe sasa anajaza vitu viwili: namba ya simu na namba ya oda. Hata kiasi hajazi, kinatoka kwa oda. Kila sehemu unayoondoa ni mahali pamoja pa kukosea umefunga, na huhitaji kupaelezea tena.

Zile zinazobaki ndizo unaandikia kama unamwandikia mtu wa kutoka mbali. Hapa ndipo wasee wetu wanaanguka zaidi, kwa sababu wanakopi mifano ya Marekani na kuileta Thika Road bila kubadilisha chochote.

Chukua pesa. Sehemu inaitwa "kiasi: namba". Kiasi gani, cha nini? Daraja inataka shilingi nzima. Paystack inataka kiasi kwa sehemu ndogo ya sarafu, kwa hivyo shilingi 500 unaiandika 50000, senti. Ajenti aliye na zana zote mbili, na maelezo yanasema tu "kiasi", siku moja atamlipisha mtu shilingi 5 badala ya 500, ama elfu hamsini badala ya mia tano. Wamarekani wenyewe walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na ingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. Hao ni NASA. Wewe na ajenti wako wa viatu mnaringia nini? Andika "kwa shilingi za Kenya, namba nzima, bila senti, mfano 500". Ni sekunde nane za kuandika.

Na wateja hawasemi 500. Wanasema soo tano. Wanasema thao, ngiri, finje. Modeli nyingi zinajua baadhi ya hayo, zingine zinabahatisha. Kama wateja wako wanaongea hivyo, weka mstari mmoja kwa maelezo: soo ni 100, finje ni 50, ngiri na thao ni 1,000. Usione aibu kuandika sheng kwa faili ya programu. Mtu anayesoma hiyo faili anaihitaji.

Chukua namba ya simu. Mifano mingi huonyesha 2547XXXXXXXX, na watu wanaibandika hivyo hivyo kwa maelezo. Sasa mteja mwenye namba ya 01 akija, ajenti aliyeambiwa namba lazima ianze na 2547 anamwambia namba yake si sahihi. Mteja anaondoka. Kwa nini usiseme: "tarakimu 12, inaanza na 254, inayofuata ni 7 au 1, mteja akiandika 07 au 01, toa sifuri uweke 254"?

Chukua saa. Hii nayo huwa inanikasirisha hadi nacheka. Mteja wa Thika ameandika "niletee saa nane". Zana inasema "muda: HH:MM". Ajenti ameweka 08:00. Boda yuko mlangoni asubuhi, mteja yuko kazini, mzigo umerudi, na nani amelipa mafuta? Mwenye duka. Sisi saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri, kila mtoto hapa anajua saa nane mchana ni 14:00. Lakini hakuna mahali umemwambia ajenti hivyo. Andika: "Mteja akitaja saa kwa Kiswahili, ongeza au punguza 6. Saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kama hajasema asubuhi, mchana au usiku, muulize." Hiyo "muulize" ni muhimu kama hesabu yenyewe. Watu wanasahau kwamba ajenti anaruhusiwa kuuliza, kwa sababu maelezo yao hayajawahi kumruhusu.

Chukua mahali. "mahali: neno". Mteja ameandika Makongeni. Makongeni ya Thika ama Makongeni ya Nairobi? Kiganjo ya Thika ama Kiganjo ya Nyeri? Huwezi kuniambia modeli ni jinga kwa kuchagua ile ya Nairobi. Huko mtandaoni Nairobi ndiyo imeandikwa zaidi. Kama unapeleka Thika na Ruiru pekee, usiache mlango wazi. Weka orodha iliyofungwa ya mitaa unayofika, ajenti achague kutoka hapo, na kama haipo amwambie mteja hamfiki. Mipango hii ya zana ina nafasi ya orodha kama hiyo, inaitwa enum, na iko bure kabisa. Halafu sehemu ya pili ya alama: karibu na nini, geti la rangi gani. Kwa maana hapa hatuna namba za nyumba, tuna "ukifika kwa kinyozi, pinda".

Sasa najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: modeli zinaboreka kila miezi michache, hii shida itajimaliza. Haitajimaliza. Modeli bora itaandika mashairi bora, itafanya hesabu bora. Haitajua kwamba duka lako halirudishi pesa kwa nguo za ndani, kwa sababu hujaandika popote. Hakuna ukubwa wa modeli unaofanya isome akili ya mathe wa Ruiru.

La pili: tumeweka sheria zote kwa maagizo makuu pale juu, hakuna haja ya kurudia kwa zana. Tabia ya jumla, weka pale juu, sawa. Lakini sheria ya zana ikae na zana. Kesho unahamisha ile zana ya malipo kwa ajenti wa duka lingine, na maagizo makuu yamebaki kwa la kwanza. Zana imefika uchi.

La tatu ndilo lina maana kidogo: maelezo marefu yanakula tokeni, na tokeni ni pesa. Kweli, maelezo ya zana zote husomwa kila ujumbe ukija. Lakini angalia mahali pesa inaenda. Ule mfumo wa mathe ulikuwa na tafuta_bidhaa, angalia_stoki, orodha_ya_bidhaa, na pata_bidhaa. Nne! Zote zilikuwa zinajibu swali moja: hii kitu iko? Modeli ilikuwa inachagua kama mtu anayecheza bahati nasibu. Tukaziunganisha ikawa moja, ikarudisha jina, saizi zilizopo, bei, na idadi. Hapo ndipo tuliokoa tokeni za kuandikia ile ya malipo vizuri. Ukitaka kupunguza, punguza zana. Ukianza kupunguza ukweli kwa zana, utalipa kwa mafuta ya boda.

Na ujumbe wa hitilafu pia ni maelezo, msisahau. Zana ikirudisha "Error 400" umemwacha ajenti gizani, atajaribu tena na tena kama mtu anayebonyeza swichi na stima zimepotea. Ikirudisha "Namba ina tarakimu 11, inahitaji 12, muulize mteja airudie", amejua la kufanya.

Kitu kimoja niseme wazi kabla mtu hajanirukia. Maelezo hayafungi mlango. Kama ajenti anaweza kurudisha pesa, usiandike tu "usirudishe zaidi ya 2,000" ukaenda kulala. Weka kikomo ndani ya programu, hata ajenti akidanganywa na mteja mjanja programu ikatae. Na ukichukua zana ya mtu usiyemjua huko nje, soma maelezo yake yote kabla ya kuichomeka, kwa sababu kuna watu wameshaonyesha unaweza kuficha amri mbaya ndani ya maelezo na modeli ikaitii. Yale maneno yana nguvu hivyo. Ndio maana nashangaa mnayaandika kama mtu anayejaza fomu ya hospitali amesimama.

Sasa pesa. Hapa ndipo nataka tugombane vizuri.

Mtu anauza mfumo wa ajenti kwa duka dogo, analipisha makumi ya maelfu. Ukiuliza saa ngapi zilienda kwa maelezo ya zana, dakika tano za mwisho. Eti hiyo si uhandisi, ni kuandika tu. Kuandika tu! Na ndiyo sehemu pekee ya hiyo kazi yote ambayo modeli inaisoma. Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo najua nikisema hivi kuna mtu atacomment "maliza shule kwanza". Sawa. Lakini shule haikufundishi kumuuliza mwenye duka wateja wake huita kitu gani "ile ya juzi".

Nani anajua hii kazi? Tuko nao hapa. Hii nchi imejaa vijana ambao wamekula kwa kusoma maagizo ya kampuni za AI. Jarida la TIME liliandika Januari 2023 kuhusu Wakenya wa Sama waliokuwa wakisafisha data ya OpenAI kwa chini ya dola 2 kwa saa. Remotasks ilipofunga Kenya Machi 2024, watu waliamka akaunti hazifunguki. Hao wasee wamesoma kurasa na kurasa za maelekezo yaliyoandikwa vibaya, na wanajua neno moja lenye maana mbili linagharimu nini, kwa sababu kazi ilikuwa inakataliwa na pesa hailipwi. Mtu kama huyo ukimpa zana zako kumi atakuonyesha mahali pa kukosea kabla ya chai kupoa. Mtu wa simu za wateja pia. Ajenti wa M-Pesa pia, yule wa kibanda cha kijani, ambaye kila siku anamuuliza mteja "unatoa ama unaweka?" kabla ya kugusa simu. Lakini hakuna anayewaajiri kuandika. Wanaitwa tu kulalamikiwa wakati mfumo umeharibika, ama hawaitwi kabisa.

Nataka tuanze kulipisha hii kazi kama kazi. Laini yake kwa invoisi, peke yake: kuandika na kujaribu maelezo ya zana. Na iandikwe na mtu ambaye ameketi na mwenye biashara angalau siku moja akisikiliza wateja, si mtu aliyefungua laptopu kwa Airbnb akaambia modeli ingine "niandikie maelezo". Modeli itakuandikia vizuri sana, sentensi nyororo, na itasema "hushughulikia malipo kwa ufanisi". Haijui till yako pia.

Namna ya kujaribu ni rahisi na haihitaji seva. Chapisha majina ya zana na maelezo yake kwa karatasi, kila zana karatasi yake. Chukua jumbe 20 za ukweli kutoka kwa WhatsApp ya duka, futa majina na namba za watu. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuona huo mfumo, mnunulie soda na smokie. Msomee ujumbe mmoja mmoja, aonyeshe karatasi gani angetumia na angejaza nini. Usimsaidie. Mahali atasita, modeli itasita. Mahali atachagua karatasi mbili, modeli itachagua moja kwa bahati. Tulifanya hivyo na kijana anayeuza vifuniko vya simu nje ya duka la mathe, na kufikia ujumbe wa tano alikuwa ameuliza, "Kwani hii ya 'sasisha oda' ni ya kubadilisha saizi ama ya kufuta?" Ilikuwa inafanya zote mbili. Tukaigawa hapo hapo.

Nani amewahi kumuuliza kijana wa vifuniko kitu kuhusu AI? Na yeye ndiye alituonyesha kwamba mteja akiomba kubadilisha saizi, siku mbaya oda ingefutwa yote.

Kwa hivyo madivelopa wa Thika na Ruiru, nitumieni maelezo ya zana zenu. Toeni funguo na passkey kwanza, tafadhali, kuna mmoja ameshanitumia zake zote. Kila wiki nitachukua moja, bila jina la biashara wala la mtu, na tutaipangua hapa mstari kwa mstari. Ya kwanza iko tayari. Inaitwa "fanya_kitu".